Mtani Wangu na Mpira wa Kioo cha Motokaa

Mimi si mtu wa safari. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akatarajia kufikishwa mbali. Nimezaliwa Kilakala, chini ya mlima, na mahali pa mbali kabisa nilipowahi kufika ni pwani, nilikopelekwa shule na Serikali ya Wajerumani. Nikasoma mpaka darasa la juu, nikajua kuandika Kijerumani kwa zile herufi zao zenye mikia, na siku walipotuita kutugawia kazi, mimi wakanipa ukarani Bukoba. Nikaumwa tumbo. Liliniuma wiki tatu, daktari wao hakuona kitu, likapona lenyewe nilipoteremka stesheni ya Morogoro.

Mama alinikuta uani. "Umerudi?"

"Shikamoo mama. Nimerudi."

"Marahaba. Na hiyo Bukoba?"

"Wamepata mtu mwingine."

Hakuniuliza tena, akaniwekea chakula. Hivyo ndivyo nilivyomaliza maisha yangu ya kutembea duniani, nikiwa na miaka kama ishirini.

Nikapata kazi kwa tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini. Nilikuwa namwandikia barua zake za kwenda Boma na za kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa yeye Kijerumani hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani tu: pima, funga, lete, hapana. Alikuwa mtu mpole, mkweli, asiyecheka ovyo. Toka nyumbani mpaka dukani nilikuwa nafika bila shati kulowa jasho, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya kazi ile.

Haya ninayoandika yalitokea hapo, Wajerumani wakiwa bado wamekaa Boma, kama mwaka mmoja hivi kabla ya vita vyao na Waingereza.

Upande wa Kingolwira kulikuwa na mzungu mwenye shamba la mpira. Miti yenyewe ilipandwa mistari, watu wakaichanja magome asubuhi, maziwa yakakingwa, yakagandishwa, yakapelekwa Ulaya. Mara bei ya mpira ikaanguka huko kwao, na yule bwana akaanguka nayo. Akauza alivyouza, akapanda meli, na motokaa yake ikaishia kwa tajiri wangu. Ilikuwa imekaa juani muda mrefu. Turubai la juu limechanika, viti vimepasuka, kuku wametaga chini ya usukani. Lakini mashine ilikuwa hai, na kioo cha mbele, kile kinachomkinga dereva na upepo na vumbi, kilikuwa kizima hakina hata mkwaruzo. Kasoro yake moja: kilikuwa kinacheza. Kile kipande cha mpira kinachozunguka kioo ndani ya fremu yake ya shaba kilikuwa kimekufa kwa jua. Ukiitikisa motokaa, kioo kinagonga shaba kama meno ya mtu mwenye homa.

Nililicheka sana jambo hilo. Nchi nzima miti ya mpira imesimama inavuja maziwa hakuna wa kuyakinga, na motokaa imekosa mpira wa kuzungushia kioo. Nikaandika barua Dar es Salaam, Dar es Salaam wakaandika Ulaya, na baada ya miezi mingi mpira ukafika kwa garimoshi, umeviringwa ndani ya kopo, umepakwa unga mweupe. Mshonaji wa pale barazani alipofungua kopo akalitupa, akidhani ni nyoka.

Sasa nimlete mtu mwenyewe.

Pale barazani kwa tajiri alikuwapo fundi mmoja, Mnyamwezi, aliyekuja na ujenzi wa reli. Alifanya kazi katika karakana ya reli miaka kadhaa, na reli ilipoendelea kwenda bara yeye akabaki kwetu, anatengeneza cherehani, baiskeli, taa na saa. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na ilikuwa mipole kuliko mikono yoyote niliyowahi kuona. Siku ya kwanza alinikuta nakula ndizi nilizoletewa kutoka nyumbani. Akakaa, akalivuta sinia upande wake bila kuniomba, akala zote, akafuta vidole kwenye kanzu yangu.

"Wewe kabila gani?" nikamwuliza, ingawa nilikwisha jua.

"Mtani wako," akasema. "Kesho waambie wazidishe chumvi."

Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Mtani wako atakutukana mbele ya watu, atachukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe huna ruhusa ya kununa. Dawa yake ni kumrudishia kubwa zaidi. Basi sisi tukawa tunarudishiana toka asubuhi mpaka duka linafungwa. Yeye alikuwa anasema Waluguru wote wana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, kwa kulima mteremkoni, na ndiyo maana mimi sisafiri, maana nikifika tambarare nitakuwa nazunguka duara. Mimi nilikuwa nasema Mnyamwezi asipokuwa na mzigo kichwani hapati usingizi, na kwamba nyumbani kwake analala na jiwe. Watu walikuwa wanapita dukani kusikiliza tu.

Tajiri alikuwa akitusikia kutoka ndani. Hakuwahi kusema neno. Baadaye ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile alidhani tunagombana.

Chakula changu alikuwa akikileta dada yangu, anayenifuata kuzaliwa. Alipoona kila siku narudi nyumbani na njaa, akaanza kuleta masinia mawili. Kisha nikaona sinia la fundi lina kitoweo na langu lina mchuzi. Sikuhitaji shule ya pwani kuelewa. Nikaanza kumwita fundi shemeji kwa kumkomoa, naye akaitika kama mtu aliyekuwa akingoja aitwe.

Mjomba wetu akashuka kutoka Kinole kuja kusema neno la ukoo. Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamke hafuati mume. Mume ndiye anayekuja kukaa kwa wakweze. Kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli. Akakaa uani, akanywa maji, akasema na mama, mimi nikiwa pembeni.

"Mimi sina ugomvi na Mnyamwezi," akasema. "Wanaoa, wanazaa, wanalima vizuri. Neno langu ni miguu yao. Huyu atakaa?"

"Ana kazi barazani kwa tajiri," mama akasema.

"Barazani. Baraza linafagiwa."

Nikasema, kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba, "Mjomba, tajiri amemwahidi motokaa. Akishakaza kioo vizuri, ndiye atakuwa dereva wake na mtunzaji wake, na atapewa chumba nyuma ya duka. Hiyo si kazi ya kupita."

Mjomba akafikiri. "Basi siku atakapokabidhiwa hiyo motokaa, na alete posa. Kabla ya hapo nisisikie."

Dada yangu alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimsikia akiweka chungu chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kukivunja kitu.

Kwa hiyo msomaji anaona ule mpira ulikuwa umebeba nini.

Kazi ya kuvisha kioo mpira, ukiitazama, ni ya kijinga. Fundi aliitoa fremu yote kwenye motokaa, akailaza juu ya blanketi katika banda la uani nyuma ya duka, akafungua parafujo nne za pembeni, moja kila kona, akaniambia nizishike kwa mpangilio wake nisizichanganye. Kioo akakitoa kwa viganja, akakiegemeza kwenye gunia la pamba. Mpira wa zamani ulikuwa umegandamana ndani ya mfereji wa fremu kama ukoko wa sufuria. Mimi nikamletea kisu. Yeye akachonga kijiti cha mwanzi, akaukwangua kidogo kidogo, asije akaikwaruza shaba.

Nilikuwa nimekuja na chupa ya mafuta ya nazi, nimeiba kwa mama, nikidhani nasaidia.

"Hayo ni ya nini?"

"Ya kulainisha. Mpira uteleze."

"Mtani, hayo kapake magoti yako. Mpira ukionja mafuta unavimba, keshokutwa umelegea kama shavu la bibi. Lete maji na sabuni."

Nikaleta. Akapiga povu kwenye bakuli, akaupitisha mpira ndani yake, akaanza kuuvisha kwenye ukingo wa kioo, kidole gumba kinasukuma na cha shahada kinafuata. Alianzia chini katikati, si kwenye kona. Alipozunguka mpaka mwisho akakata mpira, na akauacha urefu wa ukucha zaidi ya unavyotakiwa.

"Umezidi," nikasema.

"Acha uzidi. Mpira ni Mluguru. Ukiutoa kwao unanywea."

Mshonaji alicheka huko barazani mpaka cherehani ikasimama.

Halafu akarudisha fremu, pande zote nne, na parafujo zake, na hapo ndipo alipoacha utani. Akaikaza moja nusu mzunguko. Akaenda kwenye kona inayotazamana nayo, nusu mzunguko. Kisha ya tatu, kisha ya nne. Akarudi ya kwanza. Mpira ulikuwa unaingia mahali pake kidogo kidogo, povu likitoka pembeni. "Kioo hakichukii kubanwa," akaniambia. "Kinachukia kubanwa upande mmoja." Alizunguka hivyo sijui mara ngapi. Mimi nilisinzia.

Adhana ya alasiri ikanizindua. Fundi akanyanyuka, akanyosha mgongo.

"Imebaki nusu mzunguko kila kona. Ziache kwanza, mpira ukae. Nikirudi kuswali tunamaliza."

"Haya."

"Usiguse."

"Sigusi."

Mimi pia nilipaswa kwenda kuswali, na ningekwenda tusingefika hapa. Nikasema nitaswali nyumbani. Nikabaki na fremu, na bisibisi imelala juu ya blanketi.

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka nilikuwa na haraka gani. Sikuwa na haraka yoyote katika maisha yangu. Nadhani ni hivi: ule ndio ulikuwa wakati wa dada yangu kuja kuchukua masinia, na mimi nilitaka, mara moja tu, anikute nimeshika chombo cha kazi badala ya kalamu. Nikachukua bisibisi, nikachagua kona iliyokuwa karibu ili nisisogee, nikakaza nusu mzunguko. Ikaingia vizuri. Ilikuwa tamu mkononi. Nikaongeza nusu nyingine, na nyingine tena.

Kioo kikasema tk. Sauti ndogo, kama kidole kinapovunjwa kwa uvivu. Ufa ukatokea konani, urefu wa kidole, na nilipokuwa nautazama ukatembea wenyewe taratibu mpaka karibu na katikati, ukasimama.

Tajiri alitoka ndani wakati huohuo. Sijui kama alisikia au alikuwa anakuja tu kuona kazi. Nyuma yake walikuja mshonaji na wapagazi wawili wa dukani. Na kwenye lango la uani akaingia fundi, uso na mikono bado vina maji ya udhu.

Tajiri aliutazama ufa. Hakupandisha sauti. "Nani amevunja?"

Hapa ndipo ninapotamani kuwa mtu mwingine. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaishusha nyuma ya goti. Ulimi wangu ulikuwa umezoea njia moja tu, ukaishika.

"Muulize Mnyamwezi huyu, tajiri," nikasema. "Mikono imezoea kubeba meno ya ndovu toka Tabora. Kioo atakijulia wapi?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Mshonaji naye. Fundi akaja mpaka kwenye fremu, akachutama, akazitazama parafujo nne. Tatu zilikuwa sawa na alivyoziacha, moja imezama mpaka kichwa. Akanitazama mimi, akaitazama ile. Alijua. Kisha akafanya kile ambacho mtani anatakiwa kufanya, akanirudishia kubwa zaidi.

"Kweli, tajiri, ni mimi," akasema. "Nilikipiga kwa kichwa kuona kipi kigumu. Kimeshindwa."

Vicheko vikazidi. Tajiri hakucheka. Akanigeukia mimi, karani wake, mtu aliyemwamini barua zake zote.

"Ni yeye?"

Nilikuwa na nafasi hapo, nafasi pana kabisa. Watu walikuwa bado wanacheka na mimi nilikuwa nacheka nao, na kicheko kina utelezi wake. Nikasema, "Si amesema mwenyewe?"

Tajiri akasema, "Basi," akaingia ndani.

Asubuhi yake fundi aliambiwa aondoe vyombo vyake barazani. Motokaa italetewa dereva kutoka Dar es Salaam. Hakupigwa, hakutukanwa, hakukatwa kitu. Tajiri alimwambia tu kwamba hawezi kumpa motokaa mtu anayevunja kitu halafu akacheka.

Fundi akanifuata kwenye meza yangu. Siku ile hakuniita Mluguru.

"Mtani, kamweleze."

"Nitamweleza."

"Leo."

"Leo leo."

Na nilikusudia. Nikaenda mpaka mlango wake wa ndani, nikamkuta yuko kwenye ibada yake, ubani unafuka, nikaona si adabu kumkatiza. Nikarudi baadaye, wamejaa watu wa milimani wananunua chumvi. Nikarudi jioni, amekwisha kufunga. Kesho yake nikaamka nina homa.

Ile homa ilikuwa ndugu yake lile tumbo la Bukoba. Nikajifunika shuka mpaka kichwani, mama akanichemshia majani, nikayanywa kwa uso wa mgonjwa.

Alasiri nikasikia hodi, na sauti ya fundi ikimwamkia mama. Dada yangu akatoka na maji ya kunywa. Walizungumza kidogo pale nje kwa sauti ya chini, sikusikia neno. Kisha akaja mpaka kwenye ukuta wa chumba changu, upande wa nje. Ukuta wa udongo ule, ukikohoa jirani anakujibu.

"Mgonjwa hajambo?"

"Sijambo kidogo," nikaguna.

"Homa yako inasema Kijerumani au Kiluguru?"

Nikacheka ndani ya shuka. Nikajisikia nafuu kubwa, kwa kuwa alikuwa ananitania, na mtu anayekutania hajakukasirikia. Ndivyo nilivyoamini.

"Nisikilize," akasema. "Kesho saa nne garimoshi la bara linapita. Ukipata nguvu kabla ya saa nne, pita kwa tajiri. Ukishapita, mimi nipo stesheni, nitarudi na kisanduku changu. Usipopita, nakwenda."

Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Ningemwona uso labda ningetambua. Lakini nilikuwa nimelala natazama ukuta, na nilichosikia ni mtani wangu anaanzisha mchezo, nikatafuta kubwa la kumrudishia.

"Unakwenda wapi? Mnyamwezi ana kwao? Kwenu si njiani? Chukua na jiwe lako la kulalia."

Nilimsikia akisogeza miguu.

"Haya, mtani," akasema. "Pona."

Kesho yake niliamka mapema, na homa haikuwapo. Nilikunywa uji, nikachagua shati. Nilikuwa nimekata shauri kabisa kwamba siku hiyo namweleza tajiri, na sikuona haja ya kukimbia, kwa kuwa yale ya garimoshi niliyaweka katika fungu la miguu mirefu na mifupi. Nilifika dukani kama saa tatu na nusu. Tajiri alikuwa na karani wa Boma wanakagua marobota. Nikakaa mezani, nikachonga kalamu, nikangoja amalize. Filimbi ya garimoshi ikalia stesheni. Nikainua kichwa. Mshonaji naye akainua kichwa, akanitazama, akasema, "Mtani wako huyo."

"Yuko wapi?"

"Amepita hapa na kisanduku toka asubuhi. Hukumwona? Alikaa pale ng'ambo ya barabara muda mrefu, anautazama mlango wetu."

Hapo nikamweleza tajiri, mchana huohuo, nimesimama. Nilimweleza yote, parafujo, bisibisi, goti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini alisema ni yeye?"

"Ulikuwa utani, tajiri."

"Utani ni nini?"

Nikajaribu. Nikamwambia ni mambo ya misafara, makabila, mababu, mtu anakutukana na wewe unafurahi. Nikamwambia mtani ukifa ndiye anayesimamia maziko yako. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia linavyokuwa jambo la wendawazimu.

"Kwa hiyo yeye alikuwa anakutania wewe," tajiri akasema polepole, akilipanga. "Na mimi nilikuwa nakuuliza wewe. Mimi sikukutania."

"Hapana, tajiri."

"Andika barua. Mwite arudi."

Nikaandika kwa karakana ya reli Tabora, kisha kwa stesheni zilizofuata, maana reli ilikuwa bado inasonga kwenda ziwani na mafundi wakisonga nayo. Niliandika barua nzuri sana. Hazikujibiwa. Kisha vita vikaingia, na mtu aliyekuwa upande ule wa reli hukuweza tena kumwandikia wala kumsikia. Nimewauliza Wanyamwezi wengi waliopita Morogoro tangu siku hizo. Wananitania.

Tajiri hakunifukuza, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsomea Kijerumani. Ila hakunikaribisha tena karibu na motokaa. Ilitembea na ufa wake, dereva wa Dar es Salaam akilalamika, mpaka askari walipoichukua kwa kazi ya vita. Mpira ule haukuwahi kulegea. Mvua zilipiga, vumbi la Kilosa likaja, na kioo hakikucheza hata kidogo. Ule urefu wa ukucha uliozidi ulinywea ukawa sawasawa.

Mjomba alishuka tena kutoka Kinole aliposikia fundi ameondoka. Akakaa palepale uani.

"Si niliwaambia," akasema. "Miguu yao."

Mimi nilikuwapo. Ningeweza kusema, mjomba, miguu yake ilikaa, aliyeondoa ni mimi. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyedanganywa pamoja na wenzake. Kwa hiyo nilimsingizia mara mbili, na mara ya pili haukuwa utani.

Kuna swali ambalo sijalipatia jibu. Kama angeolewa, dada yangu angekaa chumba kile nyuma ya duka, au angejengewa nyumba yake. Chakula changu cha mchana nani angekileta? Sidhani kama niliwaza hivyo siku ile nikiwa na bisibisi. Lakini chini ya shuka nilikuwa na siku nzima ya kuwaza, na sikumbuki niliwaza nini, na mimi ni mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Dada yangu hakunilaumu. Aliolewa baadaye na mtu wa Kinole aliyechaguliwa na mjomba, mwenye migomba na midalasini, mtu asiye na ubaya wowote. Walikaa kule Kinole kwa mjomba, kwenye ardhi ya ukoo wetu, na alipofiwa na mume akarudi Kilakala, na tukawa tunaishi wawili katika nyumba ya mama. Miaka mingi ilipita ndipo nikapata moyo wa kumwambia. Ilikuwa mchana, anachambua mchele. Nikaanza toka kwenye mafuta ya nazi, nikaenda nayo yote.

Hakusimamisha mikono. "Aliniambia," akasema. "Siku ile nilipompa maji."

"Ulijua? Siku zote?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa na la kusema, kaka. Mimi nilikuwa nangoja."

Akapuliza makapi, akaendelea.

Nikaelewa basi jambo moja la nyumba yetu ambalo siku zote nililidhania kuwa ni utu uzima wake. Dada yangu alikuwa mchekeshaji kuliko mimi tulipokuwa wadogo. Mama alikuwa akitutenganisha wakati wa kula tusipaliwe. Lakini tangu garimoshi lile, nikimtania hanirudishii. Ananijibu kama nilivyosema, neno kwa neno, kwa upole, kama yule tajiri. Nikimwambia ugali wake unaweza kujengea stesheni, atasema, "Nitapunguza unga," na kesho yake unakuja laini. Nikimwambia kanga yake inatisha kuku, anaibadilisha. Juzi nilimwambia, kwa kumchokoza tu, kwamba nimechoka na sura yake, nitahamia Bukoba. Akaniuliza nataka kufungashiwa nguo zipi. Nikasema nilikuwa natania.

"Haya," akasema, akaenda kutazama moto.